Golda Meir: Binti wa Seremala wa Kiev

Kila ibada huwa tunaiombea Israeli, na ni vizuri. Lakini wengi wetu tukisema Wayahudi tunaruka kutoka Matendo ya Mitume moja kwa moja hadi taarifa ya habari ya saa moja jioni. Hapo katikati kuna karibu miaka elfu mbili, na sehemu kubwa ya machozi ya miaka hiyo ilimwagika katika nchi za Wakristo. Kwa hivyo wiki hii nimemchagua mama mmoja ambaye maisha yake yalipita mbele ya watawala wa Urusi wa kila aina: wafalme, halafu Stalin, halafu kina Brezhnev. Jina lake ni Golda Meir.

Niseme mapema asije mtu akaniuliza baada ya ibada: huyu mama hakuwa mlokole. Hata kwenye dini ya kwao hakuwa mtu wa kushika sana, na sigara alivuta moja baada ya nyingine mpaka uzeeni. Tunamsoma kama vile tunavyowasoma wafalme katika Samweli na Mambo ya Nyakati, pamoja na mapungufu yao.

Alizaliwa mjini Kiev tarehe 3 Mei 1898, akaitwa Golda Mabovitch. Baba yake, Moshe, alikuwa seremala. Mama yake, Bluma, alizika watoto watano wakiwa wachanga. Waliobaki ni Sheyna, dada mkubwa, Golda, na mdogo wao. Wakati huo Kiev ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, yule wanayemwita Tsar, na Myahudi hakuruhusiwa kukaa popote apendapo. Tangu 1791, enzi za malkia Catherine, walikuwa wametengewa eneo lao upande wa magharibi. Kiev ilitolewa katika eneo hilo, kwa hivyo kukaa mjini ulihitaji kibali, na Moshe alikipata kwa sababu ya ufundi wake. Hebu fikiria: karatasi inayosema unaweza kulala mjini leo usiku maanake unajua kutengeneza meza. Wale ambao babu zao walining'iniza kipande shingoni wakati wa mkoloni hawahitaji maelezo mengi hapo.

Mambo yalikuwa yameharibika zaidi baada ya 1881. Mwaka huo Tsar Alexander wa Pili aliuawa kwa bomu, na uvumi ukaenea kwamba Wayahudi ndio walimuua. Watu wakawavamia mtaa kwa mtaa, wakipora maduka, wakipiga, wakiua. Warusi waliita mashambulio hayo pogrom. Serikali ilipotunga sheria mwaka uliofuata, iliwabana waliovamiwa: Wayahudi wakakatazwa kuhamia vijijini na kununua ardhi huko, na baadaye wakawekewa kiwango cha watoto wangapi wanaweza kuingia shule za juu. Yaani duka lako linachomwa halafu leseni inanyang'anywa wewe.

Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Golda ni ya mbao. Alikuwa mdogo sana. Habari ilifika kwamba kundi linakuja, na baba yake, pamoja na jirani mmoja, wakaanza kupigilia mbao mlangoni kuzuia watu wasiingie. Siku hiyo kundi halikufika. Lakini mtoto alikuwa ameona kwamba baba yake, mtu mzima, fundi hodari, hana kingine cha kuwalindia wanawe ila misumari na vipande vya mbao. Golda alisema maisha yake yote kwamba hasira ya siku ile haikumtoka, na karibu kila uamuzi aliofanya baadaye unaweza kuufuata nyuma mpaka ufike kwenye mlango huo.

Sisi watu wa Kisumu tusijifanye hatujui habari ya mbao mlangoni. Kila uchaguzi ukikaribia, mafundi wa jua kali wanapata kazi ya kuchomelea maduka ya mjini vyuma vya ziada. Mwanzoni mwa 2008 kulikuwa na majirani zetu, watu tuliouziana nao sukari na kukaa nao benchi moja kanisani, ambao walikimbilia kituo cha polisi na virago kichwani, na nyuma yao moto. Wakati huohuo vijana wetu walikuwa wakipigwa risasi barabarani. Yote mawili yalitokea katika mji huu mmoja. Sitaki kulinganisha vidonda. Ninachosema ni kwamba hadithi hii haikutokea mbali kama tunavyodhani.

Sasa tufike 1903, na hapa naomba tusome polepole.

Katika mji wa Kishinev, kusini magharibi mwa dola la Urusi, kulikuwa na gazeti lililochukia Wayahudi. Mtoto mmoja Mkristo aliuawa katika mji wa jirani, na ikaja kujulikana muuaji ni wa ukoo wake mwenyewe. Lakini gazeti lilikuwa limeshaandika kwamba Wayahudi wamemuua kwa ajili ya damu ya ibada yao. Uvumi huu wa damu ni wa zamani kuliko gazeti lenyewe, ulishaua watu Ulaya kwa mamia ya miaka, na hauna ukweli wowote. Tena Torati yao inawakataza kuonja damu hata ya mnyama. Basi ikafika Jumapili ya Pasaka. Watu wakaenda ibadani, wakasikia kwamba Bwana amefufuka, wakatoka. Mchana huo mashambulio yakaanza, yakaendelea na kesho yake. Polisi na askari walikuwepo mjini, na kwa muda mrefu hawakufanya kitu. Wayahudi 49 waliuawa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka kwa mamia yakaharibiwa.

Mimi kila mwaka tukipanga ratiba ya Pasaka, nani anaongoza sifa, nani anahubiri, nani anaangalia vyombo, huwa nawaza juu ya yule kasisi wa Kishinev na ibada yake ya asubuhi. Hakuna anayejua alihubiri nini. Tunajua tu waumini walienda wapi baada ya Amina ya mwisho.

Wayahudi wa Urusi walitangaza mfungo wa kuomboleza. Golda, miaka mitano tu, alisisitiza naye afunge na watu wazima wakashindwa kumzuia. Mwaka huohuo baba yake alienda Marekani kutafuta kazi, na mama akawarudisha mabinti kwa wazazi wake katika mji wa Pinsk. Huko watoto walicheza barabarani huku askari wa farasi, Wakozaki, wakipita mbio hata kuruka juu ya vichwa vyao. Sheyna alikuwa ameanza kuhudhuria mikutano ya siri ya vijana wanaompinga Tsar. Nyumba yao ilikuwa karibu na kituo cha polisi, na usiku walisikia vijana waliokamatwa wakilia wakichapwa. Mama akaamua: tunaondoka kabla sijazika mwingine.

Wakati familia hii ikiwa Pinsk ndipo hadithi inapogusa huku kwetu, na ni jambo ambalo shuleni hatukulikalia. Reli ilikuwa imefika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Mwisho wa 1902 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipanda treni hiyo kutoka Mombasa akaangalia nyanda za juu. Baada ya Kishinev, mwaka 1903, serikali yake ikampa ofa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Wayahudi kupata nchi yao: chukueni uwanda wa Uasin Gishu, kama maili mraba 5,000, muwapeleke watu wenu waliokimbia Urusi. Ndiyo, Uasin Gishu hii ya Eldoret, ng'ambo ya miinuko ya Nandi ile unayoiona ukiwa Mamboleo. Vitabu vinauita mpango wa Uganda kwa sababu sehemu hizi, pamoja na Kisumu, zilihesabiwa kuwa Uganda mpaka 1902.

Mkutano wao mkuu ulikaa Basel, Uswisi, Agosti 1903. Kura 295 zilikubali angalau watu watumwe kwenda kuitazama nchi, 178 zikakataa. Cha kushangaza, waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa wajumbe kutoka Urusi, ambako nyumba zilikuwa zimetoka kuungua. Wengi wao walitoka ukumbini, wengine wakilia. Walitaka Sayuni, hawakutaka kibanda cha njiani. Mwanzoni mwa 1905 watu watatu walikuja kupima ardhi, mmoja wao mhandisi Myahudi kutoka Urusi, na mkutano wa mwaka huo ukaifunga faili. Miaka michache baadaye Waingereza waliwapa Makaburu ardhi hiyohiyo.

Mimi nilisoma biashara, na katika biashara jambo la kwanza kwenye mkataba wa ardhi ni kuuliza mwenye shamba ni nani. London na Basel walijadili mvua, udongo na gharama ya reli. Mfugaji aliyekuwa akilisha ng'ombe juu kule hakuombwa kura, na wakati tume inatembea na vipimo vyake, Wanandi walikuwa wakipigana na Waingereza hao hao. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905. Wekeni jambo hilo kando, tutalirudia.

Turudi kwa Golda. Mwaka 1906 mama na mabinti watatu walivuka mpaka kwa hati za kuazima na kufika Milwaukee, Marekani. Mama akafungua duka dogo la vyakula bila kujua Kiingereza. Kila asubuhi akienda sokoni kununua mali, Golda wa miaka minane alisimama nyuma ya kaunta, akachelewa shule akilia. Kina mama wa Kibuye na Jubilee mnaijua hiyo biashara ya mtoto kushika duka. Akiwa na miaka kama kumi na moja aliitisha mkutano wa kuchanga pesa za vitabu kwa watoto maskini, akahutubia ukumbi mzima. Wazazi walipotaka aache shule aolewe na mwanamume aliyemzidi umri mbali sana, alitoroka akaenda Denver kwa dada yake. Huko akakutana na Morris Meyerson, mtu mpole wa vitabu na muziki. Wakaoana 1917, na 1921 wakahamia Palestina.

Miaka ya Palestina nitapita haraka. Alianza kwenye kijiji cha ushirika, akafuga kuku; baadaye akaishi Yerusalemu katika umaskini na watoto wawili, akiwafulia nguo wanafunzi wa shule ya chekechea ili mwanawe asome bila karo. Akapanda katika chama cha wafanyakazi. Ndoa ikamshinda, na hilo lilimuuma mpaka kufa. Mwaka 1938 alikaa kama mtazamaji katika mkutano wa Evian, Ufaransa, ambako nchi 32 zilijadili wakimbizi wa Kiyahudi wa Hitler. Mjumbe mmoja baada ya mwingine alisimama, akasikitika sana, akaeleza kwa nini nchi yake haina nafasi. Miaka mitatu baadaye Kiev, mji aliozaliwa, iliingia mikononi mwa Wajerumani, na kwa siku mbili za Septemba 1941, kwenye bonde la Babi Yar, waliwapiga risasi Wayahudi 33,771. Pinsk nayo ikamalizwa mwaka uliofuata.

Januari 1948, vita ikiwa mlangoni, alitumwa Marekani kutafuta fedha. Waliomtuma walitarajia dola milioni saba au nane. Alirudi na milioni 50. Kamati ya ujenzi, naona mnatabasamu. Mei 14 akatia sahihi tangazo la kuzaliwa kwa Israeli.

Halafu wakamrudisha Urusi. Septemba 1948 aliingia Moscow akiwa mjumbe wa kwanza wa Israeli.

Kumbuka Urusi ilikuwa imebadilika. Mapinduzi ya 1917 yaliondoa vizuizi vyote vya Wayahudi kwa siku moja, na wengi walishangilia. Katika vita vya ndani vilivyofuata, makumi ya maelfu yao waliuawa Ukraine, na majeshi ya karibu kila upande yalihusika. Wakomunisti walipotulia madarakani waliandika usawa kwenye sheria, wakafunga masinagogi, wakazima Kiebrania. Kitabu cha Kutoka kinaanza na Farao mwingine ambaye habari za Yusufu hazikumhusu. Hapa kila Farao alikuja na katiba mpya na hotuba nzuri, halafu baada ya muda mafuta yakarudi kuwa yaleyale.

Basi Golda akaamua kwenda sinagogi kuu la Moscow siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Gazeti la chama lilikuwa limetoa onyo siku chache nyuma kwamba Wayahudi wa Kisovieti hawana haja na Israeli. Siku za kawaida sikukuu hiyo ililetewa watu kama elfu mbili. Safari hii barabara ilijaa: inakisiwa watu 50,000, askari, wazee, kina mama na watoto mgongoni, wote wakijua wanaonekana na wanahesabiwa. Walimgusa nguo, wakalitaja jina lake. Mama huyu wa hotuba ndefu alikosa maneno. Akaweza tu kuwashukuru, kwa Kiyidishi, kwa kubaki Wayahudi. Picha ya umati ule Israeli waliichapa baadaye kwenye noti ya shekeli 10,000.

Wiki chache baadaye, kwenye karamu ya serikali, mama mmoja alimsogelea akaanza kuongea naye Kiyidishi. Alikuwa Polina, mke wa Molotov, Waziri wa Mambo ya Nje, mtu wa karibu sana na Stalin. Akamwambia Golda yeye ni binti wa Wayahudi, akamtakia heri. Januari 1949 Polina alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kazakhstan. Mumewe alibaki mezani pa Stalin na hakuweza kumtoa. Kamati ya Wayahudi iliyoisaidia nchi kupigana na Hitler ilivunjwa. Agosti 1952 watu 13 wa kundi hilo, waandishi na washairi kati yao, waliuawa gerezani. Januari 1953 madaktari, wengi wao Wayahudi, wakatangazwa kuwa wamepanga kuwaua viongozi kwa dawa. Stalin akafa Machi, na kesi ikafutwa, Polina akarudi nyumbani.

Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1956, Golda aliipenda Afrika kuliko kituo kingine chochote. Alileta wataalamu wa kilimo, akafungua Haifa chuo cha kuwafundisha kina mama wa Afrika, na hapa kwetu shule ya ustawi wa jamii ikaanzishwa Machakos kwa ushirikiano na Israeli. Oktoba 1964, kwenye uhuru wa Zambia, wageni walipelekwa kuona maporomoko ya Victoria. Upande wa Rhodesia polisi walikataa Waafrika wasishuke basi. Golda naye akakataa kushuka, basi likageuza na wote waliokuwemo.

Lakini ule mlango wa Kiev hakuuona kila mahali. Mei 1948 alitembea Haifa baada ya Waarabu kukimbia, akaingia nyumba zao akakuta kahawa na mkate bado mezani, na mwenyewe aliwaambia wenzake kwamba alikumbuka miji ya Wayahudi kule Ulaya. Alikumbuka. Na bado, akiwa Waziri Mkuu 1969, aliliambia gazeti kwamba hakukuwa na taifa linaloitwa Wapalestina. Watu kama 700,000 walikuwa wamepoteza makao yao katika vita ile, na wengi wao hawakuruhusiwa kurudi. Ni jicho lilelile la Basel juu ya Uasin Gishu. Sisi tunaoiombea Israeli tunaweza kusema hivyo bila kuacha kuiombea. Manabii walisema makali zaidi.

Urusi haikumwachilia hata uzeeni. Chini ya Brezhnev, Myahudi akiomba kuondoka alifukuzwa kazi kwanza, halafu akasubiri. Agosti 1972 ikaja kodi ya elimu: mwenye digrii alipe gharama za masomo yake, pesa za mishahara ya miaka mingi, ndipo aondoke. Waliofanikiwa walipita Austria kwa treni. Septemba 28, 1973 Wapalestina wenye bunduki waliteka watu kwenye treni hiyo, na Austria ikakubali kuifunga kambi ya wasafiri ya Schönau. Golda, miaka 75, akitibiwa saratani kwa siri, aliruka hadi Vienna kumsihi Kreisky, mkuu wa serikali, mwenyewe mzaliwa wa Kiyahudi. Hakusikilizwa. Alirudi Oktoba 3, na Oktoba 6, Siku ya Upatanisho, Misri na Syria wakashambulia. Zaidi ya Waisraeli 2,600 walikufa. Tume haikumtia hatiani, ila wananchi hawakumsamehe, akajiuzulu 1974. Novemba ile ya vita Kenya nayo ilikuwa imevunja ubalozi, kama karibu Afrika yote aliyoihangaikia.

Alifariki Yerusalemu tarehe 8 Desemba 1978, akazikwa Mlima Herzl. Kenya ilirudisha uhusiano 1988. Mwaka uliofuata Urusi ilianza kuachia milango, na katika miaka kumi na kitu iliyofuata watu wapatao milioni moja walitoka huko wakaingia Israeli, wengine wakitokea Kiev.